Safari Tuliyokuwa Tukiila

Nyuma ya mlango wa chumba cha baba kulikuwa na mzigo. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kitenge kilichopauka mpaka maua yake yakabaki madoa, kimefungwa kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na sufuria, kisu, jembe lisilo na mpini, na sado mbili za maharage ya mbegu yaliyochanganywa na majivu. Sado ni lile kopo la plastiki lililokuwa na rangi ya kupaka nyumba, tunalopimia nafaka sokoni. Nasema mbili kwa sababu nilizipima mara mbili. Nauza maharage soko la Buzogwe, hapa Mpanda, na kitu kisichopimwa mara mbili kwangu mimi bado ni uvumi.

Mpini hakuuweka kwa makusudi.

"Mpini utaukuta popote penye mti," alikuwa akisema. "Chuma hutakikuta."

Baba alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana mwenye mke na nguvu, mwaka ule ambao watu wa rika lake hawausimulii ila kwa vipande. Kipande alichonipa mimi ni hiki. Njiani kulikuwa na waliobeba redio, waliosukuma baiskeli, na bwana mmoja aliyejitwika kiti cha sebuleni, tena kimoja tu, kana kwamba huko aendako wageni wangekuja mmoja mmoja. Walipofika upande huu, wenye redio waliuza redio, mwenye kiti akauza kiti, wakapata unga ukaisha. Mama alikuwa amefunga maharage kwenye kitenge mgongoni, mahali pa mtoto. Msimu uliofuata baba na mama walikuwa wanakula chao. Tangu hapo baba akawa na dini mbili, ile ya kanisani na ile ya maharage, na ya kanisani ndiyo aliyokuwa akichelewa.

Malori yakawaleta Katumba, ambako kulikuwa msitu mtupu, wakapewa shoka na eneo la kufyeka, wakaambiwa watakaa kwa muda. Mimi nimezaliwa ndani ya huo muda. Nimesoma humo, nimeolewa humo, nimefiwa na mume humo, na sasa wajukuu zangu wanachezea mpira humo humo.

Mbegu haikai milele, na baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo kila mavuno alikaa uani na ungo, akachagua maharage mazuri kuliko yote, madogo, meupe kama maziwa, kila punje na alama nyekundu pembeni ya jicho, akayakausha, akayatia majivu, akayaingiza kwenye mzigo. Yale ya mwaka uliopita yalitoka, yakaoshwa, yakapikwa jioni hiyo hiyo. Sisi watoto tulikipenda chakula kile kwa sababu ndiyo siku pekee baba hakupima mafuta. Tulikuwa tunasema, "Leo tunakula safari." Mama alicheka. Baba hakucheka, lakini hakukataza pia. Safari ambayo hatukwenda mwaka ule tuliila na ugali, tukajilamba vidole, tukafunga nyingine.

Kila jambo kubwa lililowahi kutokea katika nchi hii mimi nimelijua kwa sauti moja, ile ya kamba ya katani ikikazwa nyuma ya mlango.

Vita na Uganda ilipoanza nilikuwa mgongoni, lakini mama alinisimulia. Majirani walimcheka baba wakamwambia Uganda iko kule ziwani na sisi tuko huku porini, risasi gani itatembea hivyo. Baba alikaza kamba. Maduka yalipokosa sabuni na chumvi nchi nzima, alikaza kamba. Rais wa kule Burundi alipouawa na kule kukawaka tena, nilikuwa nimeolewa, nikaja kumwona, nikamkuta amekaa kitandani mzigo uko mapajani kama mtu aliyempakata mgonjwa. Rais wa kwanza wa huku alipofariki, watu wazima walilia mbele ya redio dukani, na baba alilia pamoja nao, kilio cha kweli kabisa. Kisha akarudi nyumbani akakaza kamba.

Mama hakuzungumza sana juu ya mzigo. Alipokufa tulimzika nyuma ya jiko, tukaweka mawe juu. Nilitaka kuweka saruji. Nilikuwa nimeshapatana bei na fundi, bei nzuri, nilimchosha mpaka akaanza kuniita mama mkwe. Baba akakataa.

"Saruji ni ya watu wanaokaa," alisema.

Tukabaki na mawe.

Halafu ikaja ile miaka ya kuchagua. Watu wakaulizwa, nyie mnarudi kwenu au mnaomba uraia wa hapa? Waliotaka kurudi wakapanda malori na treni na mabati yao ya nyumba yamefungwa kama vitabu. Baba, aliyekuwa amefunga mzigo kuliko mtu yeyote Katumba, hakupanda. Nilimuuliza mbona hupandi. Akasema, "Kule najua nilichokimbia." Akaomba uraia. Ukakubaliwa, tukashangilia, halafu tukaambiwa karatasi zitakuja baadaye, na kwamba mkishakuwa raia mtahamishiwa mikoa mingine, hapa patafungwa.

Nieleze jambo hili kibiashara. Mteja anaweza kukwambia "nachukua," akashika mfuko, akaunyanyua, akausifia, lakini mkono wa hela haujaingia mfukoni. Hapo biashara haijafanyika, na muuzaji anayeanza kumfungia mwenzake kamba ya mfuko hapo ni mwanafunzi. Baba aliuona uraia hivyo. Na si yeye peke yake. Watu waliacha kuchoma matofali. Waliacha kupanda kahawa na miembe, kwa kuwa mti wa matunda hauhamishwi. Mtu alikuwa na hela ya bati lakini anaezeka nyasi, ukimuuliza anakwambia, "Tunaondoka." Nimeona kuta zilizoishia madirishani zikakaa hivyo mpaka mbuzi wakazaliana ndani yake. Kosa hilo hulifanya watu wa aina yetu tu, kuishi mahali mpaka mvi zitoke huku tukikwepa kupanda mwembe.

Mwisho wa yote tukaambiwa hapana, kaeni, na karatasi zikatoka. Baba alikunja yake mara nne, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka kwenye mzigo.

Mkoa ukazaliwa, tukaacha kuitwa Rukwa tukaitwa Katavi. Lami ikafika. Nguzo za umeme zikafika. Korona ikaja, tukawekewa ndoo za maji tiririka getini sokoni, tukanawa mpaka mikono ikatoka magamba. Rais akafariki akiwa madarakani, kitu ambacho nchi haikuwa na mazoea nacho, redio ikapiga nyimbo za kwaya wiki nzima. Mimi siku hiyo nilikuwa nimelaza mzigo wangu wa magunia barabarani, lori limeharibika, nimechoka hata kulaumu. Mke wa mdogo wangu, anayempikia baba, akanipigia simu kunipa habari za msiba. Nikamuuliza, "Mzee je?" Akasema, "Yuko chumbani." Nikajua yuko chumbani na nini.

Sasa nifike kwenye yale maharage.

Misimu miwili mfululizo mvua haikujua kuondoka. Sisi huku maharage tunayapanda masika ikielekea ukingoni, ili yakomae ardhi ikikauka. Mvua ikiendelea mpaka yamekomaa, maganda yanaoza yakiwa bado kwenye mashina. Mwaka wa kwanza tulivuna kidogo, yenye ukungu, tukala. Baba hakuona punje inayofaa kuingia kwenye mzigo, akaacha zile za mwaka wa nyuma humo humo. Mwaka wa pili hatukuvuna kitu. Mbegu za watu wote zilikuwa zimeshaliwa au zimeshaoza. Nilizunguka nyumba kwa nyumba Katumba nzima nikiuliza maharage meupe yenye alama nyekundu. Wananionyesha ya njano, wananionyesha mekundu, mama mmoja akanionyesha njugu mawe kwa kunihurumia.

Sokoni nako, kwa muuza mbegu, ilikuwa hivi.

"Dada, mbegu hii ni mpya, imetoka mjini."

"Mjini wanalima wapi?"

"Mama, si pakiti hiyo, soma."

"Nimesoma. Imeandikwa ioteshwe kabla ya mwaka jana."

"Aah, hiyo wanaandikaga tu."

Nikapunguziwa bei kabla hata sijaomba. Kitu kikipunguzwa kabla hujaomba, kimbia. Nilichukua kidogo nikakijaribu kwenye kopo la udongo. Kiliota kama ndevu za kijana wa darasa la saba.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi, na niliirudia nipate jibu tofauti, nikakosa. Yale maharage ambayo mama aliyabeba mgongoni yalikuwa yamebaki mahali pamoja duniani, nyuma ya mlango wa baba, na yalikuwa yanazeeka. Yangeingia ardhini msimu huu, au yangekuwa mboga. Kwetu tunasema ukivuka Pasaka hujapanda maharage, umekula mbegu. Pasaka ilikuwa inakuja na baba hataki kufungua.

Nilimwendea kwa kila mlango ninaoujua.

"Baba, tufanye hivi. Nipe sado moja, ibaki moja."

"Oya," akasema. Ni hapana ya Kirundi, fupi, haina pa kushikia.

"Basi nipe zote mbili, mavuno yakija nakurudishia nne."

"Oya."

"Nakuwekea mbegu ya dukani badala yake. Ina dawa, mdudu hagusi."

"Mbegu ya dukani haijawahi kutembea kwa miguu."

"Na wewe umetembea lini mara ya mwisho? Kanisani kwenyewe unapakiwa bodaboda."

"Ndiyo maana naweka mzigo mwepesi."

Nikacheka, maana amenishinda, kisha nikakasirika kwa sababu hiyo hiyo. "Dawe," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "unakwenda wapi? Karatasi unayo. Kura unapiga. Unangoja nani aje akufukuze?"

"Hata kule nilikuwa na karatasi," akasema.

Mimi nimebishana na wanunuzi wa Mwanza, na madalali, na madereva wa malori, na polisi wa barabarani. Siku hiyo nikachukua mkoba wangu nikarudi Mpanda. Jumamosi nyingine nikaenda, nikasema yale yale, nikajibiwa yale yale. Na nyingine. Nilikuwa nachoka namna ambayo usingizi hauiondoi, kwa sababu nilikuwa nagombana na mzee juu ya maharage, na wote wawili tulijua si maharage.

Baba alikuwa na rafiki mmoja aliyebaki hai wa kumtania. Alikuwa jirani Msukuma, mzee kama yeye, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya kijito. Alikuja kutoka kaskazini na ng'ombe wake majani ya huko yalipokwisha. Asubuhi akipita alisimama barazani.

"Mwangaluka, mtu wa maharage!"

"Mwaramutse, mtu wa mikia!"

Kila mmoja alisalimia kwa lugha yake na kujibiwa kwa lugha ya mwenzake, miaka yote, na hakuna aliyewahi kumwachia mwenzie hata neno moja.

"Huo mzigo wako umeota mizizi?" alikuwa akiuliza. "Nyie mnafunga safari hamwendi. Sisi hatufungi, tunakwenda."

"Nyie hamwendi, mnapelekwa. Ng'ombe ndiye mwenye akili ya njia."

"Ndiyo. Na hajawahi kuomba kibali."

"Ndiyo maana kila siku analipishwa faini."

Walicheka, akanywa chai yetu bila sukari akisema ni maji ya kuoshea mkuki, akaondoka.

Jumamosi ile kabla ya Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka, nilikuwa barazani nachambua maharage ya njano ya biashara. Mzee wa Kisukuma akaja. Fimbo ilikuwa kwapani badala ya begani.

"Mwangaluka, mzee," akasema.

Hakusema mtu wa maharage. Baba akaweka kikombe chini.

"Mwangaluka," akajibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno hilo. Nikaacha kuchambua.

Mipaka ya msitu wa hifadhi ilikuwa imepimwa upya, na mawe mapya ya mpaka yalikuwa yamepita nyuma ya boma lake, yaani boma lilikuwa limeingia ndani ya hifadhi bila kusogea hata hatua. Alikuwa ameambiwa atoke na ameshakata rufaa zake zote, zile za maneno na zile za kutoa ng'ombe. Wanawe walikuwa wametangulia kusini, karibu na bahari, wanasema kuna majani.

"Lini?" baba akauliza.

"Fuso zinakuja Jumatatu."

"Umefunga nini?"

"Nifunge nini? Ng'ombe, wake, vyungu."

"Mbegu?"

"Mahindi yako shambani, mabichi. Nitayaacha na nyani."

Baba akainuka. Kuinuka kwake siku hizi ni shughuli yenye hatua, nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Akaingia ndani. Nilisikia mlango ukivutwa, kisha kitu kikiburuzwa sakafuni. Akatoka na mzigo.

Akauweka katikati ya baraza, akashika fundo. Misimu miwili ya unyevu bila kufunguliwa ilikuwa imelikaza kama jiwe, na vidole vyake vimepinda. Akajaribu, akajaribu tena, kisha akanisukumia.

"Wewe fungua."

Nikapewa fundo lile. Mimi niliyeligombania masika nzima, nilipewa nilifungue kwa ajili ya mtu mwingine. Nililifanyia kazi kwa ncha ya uma na meno, nikinusa katani na majivu, nikisema moyoni, hebu ona biashara hii. Likalegea.

"Mtu hatoki kwangu bila impamba," baba akamwambia mwenzie. Impamba kwetu ni chakula cha njiani. Akaanza kumsogezea vitu, sufuria, kisu, jembe, na mifuko miwili ya maharage, kila mmoja sado moja.

Nikashindwa kunyamaza. "Baba, hiyo ndiyo mbegu ya mwisho. Ya mama."

"Najua ni ya nani."

"Na huyu mzee hajawahi kulima maharage."

"Kweli," mzee wa Kisukuma akasema, "mimi maharage nayajua kwenye sahani."

"Atajifunza," baba akasema. "Mama yako naye hakuzaliwa akijua kukimbia. Mzigo ni wa anayesafiri. Mimi nimeufunga miaka yote nikidhani ni mimi."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesoma mita ya maji. Sikuona machozi wala nini. Mimi nilikuwa naangalia mifuko ile miwili tu, nikihesabu, moja, mbili, moja, mbili, kama vile kuhesabu kungeongeza ya tatu.

Aliyeniokoa ni yule yule aliyekuwa anapewa. Alipima mfuko mmoja mkononi, akaurudisha magotini pa baba.

"Mtani, wewe hujui kugawa. Nikibeba zote na nikaziua, tumezikosa wote wawili. Sisi hata kundi la ng'ombe hatulazi zizi moja. Hii moja naenda nayo. Hii iache kwa huyu binti yako kabla hajanipiga na huo ungo. Sufuria ninazo. Jembe nachukua."

"Chukua na kisu."

"Kisu cha Mrundi hakikati nyama, kinakata mboga."

"Basi kitakufaa, maana ng'ombe wako wote watakufa njiani."

Hapo wakacheka, wakacheka mpaka mzee mmoja akakohoa na mwingine akampiga mgongo, na sikumbuki nani alikuwa nani.

Jumapili jioni akarudi, anamvuta mtamba wa rangi ya kahawia mwenye mguu wa nyuma unaochechemea.

"Huyu hawezi kusimama kwenye fuso," akasema. "Simuuzi na sikupi. Namweka kwako. Nitamfuata, au mwanangu atamfuata."

"Sina zizi."

"Una mti."

"Sina kamba."

Mzee wa Kisukuma akatazama barazani. Kitenge kilikuwa bado kimekunjuliwa pale, karatasi ya uraia juu yake, na kamba ya katani imelala pembeni. Akaiokota. Akaifunga shingoni mwa mtamba, akamkabidhi baba ncha nyingine.

Katika hili Wasukuma na sisi hatuna ubishi. Ng'ombe aliyewekwa kwako ni wa mtu, na mwenye ng'ombe wa mtu hahami mpaka mwenyewe aje. Ukihama naye umeiba, ukimwacha umemuua. Baba alilijua hilo tangu kabla ya kuvuka mpaka. Alisimama ameshika kamba ile, mtamba upande mmoja na yeye upande mwingine. Kisha akaniambia nikatafute majani.

Jumatatu fuso zilipita barabarani, vumbi tupu na pembe. Baba alikaa barazani akinyoosha fimbo juu. Sijui kama walimwona.

Nilipanda maharage siku iliyofuata, kipande kidogo nyuma ya kaburi la mama, baba amekaa kwenye kigoda ananiamuru. "Usizike, funika tu." "Mguu wako mkubwa huo, angalia." Punje mbili kila shimo. Mbegu ilikuwa imechoka kama sisi. Mashimo mengi hayakutoa kitu. Nilihesabu yaliyochipua, nikarudia, hesabu ya pili ikawa ndogo kuliko ya kwanza kwa kuwa kuku wa jirani walikuwa wamepita katikati. Lakini yaliyotoka yalitoka, na mvua safari hii ilijua kuondoka.

Katikati ya msimu simu ikaita. Mzee wa Kisukuma, kutoka huko kusini, anapiga kelele kana kwamba simu ni bomba na umbali uko ndani yake.

"Mwambie mtani yaliota!"

"Kweli, mzee?"

"Yaliota vizuri sana! Ndama wakayala!"

Nikampa baba simu. Akasikiliza huku akitikisa kichwa.

"Na jembe?" akauliza hatimaye. Akasikiliza tena, akaitikia kwa Kirundi. "Ego. Ego. Sawa. Jembe lisiliwe."

Tulivuna debe moja na vichembe. Nimewahi kuuza magunia kwa mkupuo, lakini sijawahi kupima kitu kwa mikono iliyotulia vile. Nilipima mara mbili, kisha baba akaniomba ungo akachagua mwenyewe, punje kwa punje, mpaka jua likahama baraza. Aliyoyachagua tuliyatia majivu tukayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, jikoni, juu ya kichaga. Kitenge cha mama kimekuwa tandiko la kigoda. Mwaka huu hatukula safari, kwa kuwa hakukuwa na ya mwaka jana iliyobaki. Tulikula ugali na mchicha, na baba alipima mafuta.

Sitaki kudanganya kwamba amepona. Wiki iliyopita nilikuwa kwake wakati wa taarifa ya habari. Sikumbuki ilikuwa nini hasa, mambo ya mipaka au mambo ya uchaguzi, siku hizi yanafanana. Nilimwona akiacha sahani. Akainuka kwa hatua zake, akaingia ndani. Nilisikia mlango ukivutwa. Nyuma ya mlango siku hizi kuna ukuta tu, na alama ya majivu chini pale mzigo ulipokaa, ambayo nimeifagia mara mbili haitoki.

Akatoka tena, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akateremka barazani mpaka kwenye mti. Akaikagua kamba. Akaikaza kidogo, kisha akailegeza, maana mtamba alikuwa amekunja shingo. Nikamsikia anamsemesha kwa Kirundi, polepole, maneno ya kumtuliza, yale ambayo mama alikuwa akitusemesha sisi redio ikizungumza.

Ng'ombe wa Kisukuma, mzao wa walioletwa Katavi kwa miguu, anasemeshwa Kirundi. Ataelewa tu. Sote tulielewa kwa mazoea.